Skrini Haijafa: Ichunguze Adapta Kwanza

Barua tatu za mwezi huu zimetoka mitaa tofauti ya Nairobi, lakini zote zinahusu kidude kile kile, adapta inayounganisha tarakilishi na skrini. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeiandika anakaribia kuiuza skrini ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ni nzima.

SWALI

Kwako Fundi, pokea salamu zangu. Nina ofisi ndogo hapa Umoja ambamo nawasaidia watu kujaza fomu za ushuru na za eCitizen, kuchapa barua na kutoa nakala. Tarakilishi yangu ya zamani ilipoharibika nilinunua kipakatalishi, lakini kwa kuwa macho yangu hayawezi tena maandishi madogo, niliendelea kutumia skrini yangu ya inchi 19, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika Uingereza na ambayo ina tundu la kupokea picha la aina ya VGA pekee. Kipakatalishi kina tundu la kutoa picha la aina ya HDMI tu, basi nikanunua adapta mjini. Siku mbili za kwanza ilifanya kazi vizuri. Sasa picha hukaa dakika 15 au 20, kisha skrini inakuwa nyeusi, inaandika kwamba haipati mawimbi, na taa yake ya kijani inageuka rangi ya chungwa. Nikichomoa adapta na kuichomeka tena baada ya muda, picha inarudi. Wakati mwingine hupotea pale tu printa inapoanza kuchapa. Fundi wa jirani ameniambia kwamba skrini imekufa na ni heri niiuze kwa bei ya vipuri. Je, ni kweli?

Mama wa Umoja

JIBU

Mama, tafadhali usiiuze skrini hiyo. Skrini inayoandika kwamba haipati mawimbi inakuonyesha, kwa maandishi hayo hayo, kwamba kioo chake, taa zilizo nyuma ya kioo na bodi yake ya umeme vinafanya kazi, kwa sababu isingeweza kuandika neno lolote kama kimojawapo kingekuwa kimeharibika. Taa inayogeuka rangi ya chungwa nayo si dalili ya ugonjwa. Ni namna skrini inavyosema kwamba imengoja picha, haikuiona, na sasa inapumzika. Skrini ambayo taa zake za nyuma zimekufa hutenda tofauti kabisa: kioo huwa cheusi bila maandishi huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka, na ukizima taa za chumba kisha ukamulika kioo kwa tochi kutoka pembeni, unaiona picha hafifu ikiwa imejificha mle ndani. Yako haifanyi hivyo. Imekatiwa picha njiani, na katika njia hiyo kitu kilichoongezwa ni adapta.

Wengi wetu huiona adapta kama kiungo cha mabomba, kwamba huku kuna umbo hili na kule umbo lile, basi kinachotakiwa ni kitu cha katikati cha kuyakutanisha. Kwa HDMI na VGA sivyo. VGA ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1987, nayo hupeleka picha kwa njia ya analogi, yaani kwa volti zinazopanda na kushuka kulingana na kiasi cha rangi nyekundu, kijani na buluu kinachohitajika katika kila nukta. HDMI, ambayo viwango vyake vya kwanza vilichapishwa mwaka 2002, hupeleka picha hiyo hiyo kwa tarakimu. Utakumbuka mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya televisheni ya analogi na kila nyumba yenye televisheni ya zamani ikalazimika kutafuta king'amuzi. Adapta yako ni king'amuzi kidogo: ndani yake mna chipu inayopokea tarakimu kutoka kwa kipakatalishi na kuzigeuza kuwa volti ambazo skrini yako inazielewa. Tofauti ni kwamba king'amuzi kina waya wake wa umeme unaochomekwa ukutani, ilhali adapta yako haina. Inaishi kwa umeme inaoomba katika tundu la HDMI.

Umeme huo ni haba sana. Viwango vya HDMI vinamtaka mtengenezaji wa tarakilishi atoe, kupitia pini ya 18, volti 5 na angalau miliampea 55. Chaja ya kawaida ya simu hutoa ampea 1 au zaidi, yaani takriban mara 18 ya kiasi hicho. Wako watengenezaji wa vipakatalishi wanaotoa zaidi ya walivyolazimishwa, na wako wanaotoa kile kile kidogo, na hawaandiki popote ni kipi. Wakati huo huo, chipu nyingi zinazogeuza HDMI kuwa VGA hutaka zaidi ya miliampea 55 zinapofanya kazi kwa bidii. Ndiyo sababu adapta moja hufanya kazi bila tatizo kwenye mashine ya jirani na kuzimika kwenye yako, na kila mmoja wenu akaapa kwamba mwenzake hasemi kweli.

Juzi nilifungua adapta ya aina hiyo mezani kwangu, iliyoletwa ikiwa na malalamiko kama yako. Ganda lake la plastiki lilibanduka kwa ncha ya kisu, na ndani mlikuwa na kipande cha bodi kisichozidi upana wa kidole gumba, chipu moja nyeusi iliyo ndogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, na kapasita kadhaa zilizo ndogo kama punje za sukari. Bodi ilikuwa ya kijani kibichi kila mahali isipokuwa kuizunguka ile chipu, ambako ilikuwa imegeuka hudhurungi kama ukingo wa chapati iliyokaa sana kwenye kikaango. Hapakuwa na bati la kuipunguzia joto wala tundu la hewa. Chipu ilifanya kazi ikiwa baridi, ikapata joto, ikaanza kukosea, na mwishowe ikajifunga. Ilipochomolewa ikapoa, na ilipochomekwa tena ikaanza upya kama vile hakuna kilichotokea. Dakika zako 15 au 20 zinanielekeza huko huko.

Hata hivyo sitaki ununue kitu kwa kubahatisha, kwa hiyo fanya majaribio haya, na katika kila jaribio ubadilishe kitu kimoja tu, maana ukibadilisha viwili na picha ikatulia hutajua ni kipi kilichokuponya. Kwanza azima kebo ya HDMI na uunganishe kipakatalishi moja kwa moja na televisheni ya nyumbani, bila adapta, kisha uache picha kwa saa nzima. Ikitulia, tundu la HDMI la kipakatalishi ni zima. Pili, tafuta mtu mwenye tarakilishi ya zamani yenye VGA, mtaani hazikosekani, uunganishe skrini yako nayo kwa kebo ile ile ya VGA unayotumia ofisini na uiache saa nzima vilevile. Ikitulia, umeiondoa lawama skrini na kebo yake kwa mpigo mmoja, na fundi wa jirani hatakuwa na la kusema.

Tatu, rudi ofisini, unganisha kila kitu kama kawaida na ungoje picha ipotee. Ikipotea, usikimbilie kuchomoa adapta, bali angalia kioo cha kipakatalishi. Kama madirisha yaliyokuwa kwenye skrini kubwa yamehamia ghafla kwenye kipakatalishi na ukasikia mlio wa kitu kilichochomolewa, basi kipakatalishi hakiioni adapta tena. Mara nyingi maana yake ni kwamba adapta imekosa umeme au imejifunga kwa joto, au plagi ya HDMI imelegea tunduni. Kama kipakatalishi bado kinaamini kwamba skrini ya pili ipo na madirisha hayajahama, hitilafu huwa upande wa VGA: kebo, skrubu mbili za pembeni ambazo watu hawazikazi, au pini iliyopinda. Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu halina gharama na linagawanya njia nzima katika nusu mbili kwa kutazama tu.

Ukiikagua plagi ya VGA utahesabu safu tatu za pini tano tano, na huenda ukaona moja haipo. Usishtuke kama inayokosekana ni ya 9, iliyo katika safu ya katikati, kwa maana mara nyingi huachwa tangu kiwandani. Zinazonitia wasiwasi ni ya 12 na ya 15, ambazo ndizo njia ya skrini kuieleza tarakilishi ukubwa wa picha inaouweza. Kebo za bei ya chini wakati mwingine hazina nyaya hizo, na hapo tarakilishi hubahatisha, ikatuma picha ambayo skrini haiwezi.

Hilo linanileta kwenye mipangilio. Skrini nyingi za inchi 19 zenye umbo linalokaribia mraba zina nukta 1280 kwa 1024. Ikiwa kipakatalishi kinatuma picha ya 1920 kwa 1080, adapta inalazimika kushughulikia nukta milioni 148.5 kila sekunde, ukihesabu na zile nafasi tupu ambazo hazionekani kiooni. Kwa 1280 kwa 1024 kazi hiyo hushuka hadi milioni 108, na kwa 1024 kwa 768 hadi milioni 65, zote zikichorwa mara 60 kwa sekunde. Ingia katika mipangilio ya Windows, sehemu ya mfumo kisha ya skrini, uchague skrini ya pili na uipe 1024 kwa 768 kwa muda wa jaribio. Maandishi hayatapendeza, lakini ikiwa picha iliyokuwa ikipotea baada ya dakika 20 sasa inakaa asubuhi yote, umepata ushahidi kwamba adapta ilikuwa inaelemewa. Iguse pia kwa mkono: uvuguvugu ni wa kawaida, ila joto linalokufanya uondoe kidole si la kawaida.

Kuhusu printa, umeeleza jambo la maana ambalo wengi hulipuuza. Printa ya leza ina kinu cha joto cha kukaushia wino wa unga, na kila inapoanza kuchapa kinu hicho huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Printa, skrini na chaja ya kipakatalishi vikiwa vyote kwenye ekstensheni moja, hasa ile ambayo plagi zake zimelegea, mvuto huo hushusha umeme kwa kitambo kidogo na kuleta msukosuko katika nyaya, na kwa adapta iliyokuwa tayari imechoka, hilo hutosha kuizima. Ipe printa soketi yake ya ukutani. Usipokuwa na soketi ya pili, basi badilisha ekstensheni kwanza, kwa usalama wa ofisi yako kuliko hata kwa ajili ya skrini. Soketi inayonusa kama plastiki iliyoungua haipaswi kutumika hata siku moja zaidi. Jaribu pia kuchomoa chaja na kutumia betri kwa nusu saa. Picha ikitulia kwa betri, tafuta kosa katika chaja au katika soketi.

Liko jambo jingine ambalo watu hawaliamini hadi walione: kuinuka kutoka kwenye kiti cha ofisi chenye bomba la gesi kunaweza kuzalisha umeme tuli na kuizima skrini kwa sekunde chache, hasa miezi ya ukavu kama Januari na Februari. Ikiwa picha yako hupotea unapoinuka kumhudumia mteja na kurudi yenyewe, isogeze kebo mbali na kiti.

Majaribio yakithibitisha kwamba ni adapta, una njia mbili. Ya kwanza ni kununua adapta yenye tundu dogo la USB ubavuni, ambalo unaliunganisha na tundu la USB la kipakatalishi au na chaja ya simu, ili chipu ipate umeme wake bila kuutegemea ule wa HDMI. Ukienda Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki mjini, beba kipakatalishi chako, uombe adapta ijaribiwe kwa skrini iliyopo dukani kwa muda unaotosha kunywa chai, si kwa dakika moja tu, kwa sababu hata hii uliyo nayo ilifaulu mtihani wa dakika moja.

Njia ya pili ningeipendelea zaidi kama inawezekana. Umesema skrini ina VGA pekee, na huenda ni kweli, lakini skrini nyingi zilizotoka maofisini Uingereza zina tundu la pili lililo kando ya lile la VGA, pana zaidi, aghalabu jeupe, na mara nyingi limezibwa kwa kifuniko cha plastiki. Hilo ni DVI. Geuza skrini, umulike kwa chini. Likiwapo, hujapata hasara yoyote, kwa sababu DVI ya tarakimu na HDMI huzungumza lugha moja kwa picha. Kinachohitajika ni kebo ya kawaida yenye HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili, isiyo na chipu ya kugeuza wala njaa ya umeme. Maandishi nayo yatakuwa makali zaidi kuliko ya VGA, na macho yako yatafurahi.

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi na ninaishi Kasarani. Nimepewa skrini nzuri yenye tundu la picha la aina ya DisplayPort tu, na kipakatalishi changu kina HDMI. Nilinunua kebo yenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, na kila upande umeingia vizuri, lakini sijawahi kuona picha hata mara moja. Nimebadilisha kebo mara mbili, zote ni vivyo hivyo. Je, skrini niliyopewa ni mbovu?

Kijana wako, Kasarani

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Skrini yako haijapata hata nafasi ya kupimwa. Kebo uliyonunua ni barabara ya kwenda tu: imetengenezwa kwa tarakilishi yenye DisplayPort inayotaka kupeleka picha kwenye skrini yenye HDMI, nawe umeielekeza kinyume. Matundu mengi ya DisplayPort kwenye tarakilishi yanaweza kujigeuza na kutuma ishara za HDMI, ndiyo maana kebo ya namna hiyo haihitaji kuwa na akili nyingi ndani yake. Tundu la HDMI halina uwezo wa kujigeuza kuwa DisplayPort. Unachohitaji ni adapta iliyoandikwa wazi kwamba inaingiza HDMI na kutoa DisplayPort, nayo karibu kila mara huwa na mkia wa USB kwa ajili ya umeme. Mkia huo si pambo, uuchomeke. Inasikitisha kwamba wauzaji huziuza kebo hizi bila kumuuliza mnunuzi picha inatoka wapi na inakwenda wapi, kwa hiyo uliulize wewe swali hilo kabla ya kutoa pesa.

SWALI

Kwako Fundi. Nina kipakatalishi kipya chembamba chenye matundu mawili ya USB aina ya C na nimenunua adapta ya kutoa HDMI kwa ajili ya projekta ya shuleni. Kwenye tundu moja picha huja, kwenye lile jingine haiji kabisa, ingawa kipanya na diski vinafanya kazi kwenye yote mawili. Nifanye nini?

Mwalimu, South B

JIBU

Mwalimu, adapta yako ni nzima na matundu yako yote mawili ni mazima. Umbo la USB aina ya C halisemi ni nini kinachopita ndani yake. Kila moja lina nafasi 24 za pini, lakini mtengenezaji ndiye anayeamua kama ataunganisha njia za picha au ataishia kwenye data na chaji. Angalia kwa makini ubavuni mwa kipakatalishi: tundu linalobeba picha mara nyingi huwa na alama ya herufi D iliyokumbatia P, au mshale wa radi. Litie alama kwa utepe mdogo ili usihangaike mbele ya wanafunzi. Ikiwa tundu hilo ndilo unalolihitaji kwa chaji, nunua adapta yenye HDMI pamoja na tundu la kupokea chaji, uichomeke hapo hapo. Zipo pia adapta zenye chipu ya DisplayLink, ambazo hupitisha picha kama data ya kawaida ya USB na zingefanya kazi hata kwenye tundu lile la pili, ila hizo zinahitaji draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, iwekwe kwanza, na kama kipakatalishi ni mali ya shule omba idhini ya anayekisimamia kabla ya kuiweka.